Neno "mashindano" limewakosea nini?

Ilianza na tangazo la ukurasa mmoja tu. Rafiki yangu anakusanya watoto Jumamosi anawasomea vitabu, sasa akaamua kuwaandalia siku ya kusoma kwa sauti mbele ya wazazi, mtoto anapanda jukwaani anasoma kurasa zake mbili, anapigiwa makofi, mwishoni watatu wanapewa zawadi. Akanitumia rasimu kwenye simu. Sentensi ya kwanza ilikuwa hivi: "Mashindano ya kusoma ya mwaka huu yatashindanisha washindani watakaoshindana katika makundi mawili ya mashindano."

Nikamwambia imekaa poa ila hilo neno limezidi.

Akanijibu, "We si ndo mtu wa maneno, weka visawe basi."

Sasa mi nikaona kazi gani hiyo, dakika tano tu. Kiswahili kina majina ya mashindano kuliko mahitaji, fungua ukurasa wowote wa michezo utayakuta yamepangana. Mchuano, pambano, mpambano, mtanange, kipute, kivumbi, mtifuano, kinyang'anyiro, na ukivuka upande wa Kenya unaongezewa ngarambe. Nikaanza kuyaingiza moja moja kwenye tangazo la watoto.

Hakuna lililokubali kukaa.

Mtanange wa kusoma kwa sauti

Jaribuni wenyewe. "Mtanange wa kusoma kwa sauti kwa watoto wa miaka 8 hadi 12." Yaani unasubiri kusikia kikosi cha kwanza na nani anaanzia benchi. "Kipute cha usomaji" nacho kinaogopesha kidogo, unamwona mtoto anashuka jukwaani anachechemea. "Kivumbi" ndo kabisa, kivumbi kinataka watu wakimbie, na tukio zima ni mtoto kasimama wima kashika kitabu.

"Mchuano" ulijitahidi. Ila mchuano una ukaribu fulani, unataka wawili au watatu wanaokabana koo mpaka mwisho, wakati hapa kila mtoto anasoma zamu yake na wala hajui mwenzie kapata ngapi. "Pambano" likanipeleka moja kwa moja ulingoni, glovu na kengele na jamaa wa kutaja uzito. "Mapambano" ndo usiseme, hayo yana maadui, ni mapambano dhidi ya malaria, mapambano dhidi ya rushwa, na siku hizi kupambana ndo kutafuta riziki, mtu anajiita mpambanaji wala hana mpinzani yeyote zaidi ya bili zake.

Likabaki moja lenye uzito wa kiungwana, lile la magazetini wakati wa uchaguzi. Nikaandika kichwa cha habari, nikakituma kwenye grupu la familia kupata maoni kabla sijamrudishia rafiki yangu: "Kinyang'anyiro cha kusoma kwa watoto".

Wakanitumia vidole gumba. Mjomba mmoja akaandika "safi sana".

Shangazi akachelewa kidogo, halafu akaandika, "Mwanangu, na hao watoto wananyang'anyana nini?"

Swali la shangazi

Nilicheka. Halafu likakaa kichwani wiki nzima, na wiki iliyofuata likawa bado lipo.

Maana yuko sahihi bana. Kinyang'anyiro kinatoka kwenye kunyang'anya, wala hakijifichi, mzizi uko wazi kabisa. Mnyang'anyi ni mtu wa kuogopwa njiani usiku. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kosa linalosomwa mahakamani Tanzania na adhabu yake si mchezo. Na sisi tumelichukua neno hilohilo, tukalivalisha suti, tukasema "kinyang'anyiro cha urais", "kinyang'anyiro cha ubunge", "kinyang'anyiro cha tuzo", na tunalisoma kwenye taarifa ya habari kwa sauti ya utulivu kabisa.

Nikaanza kujibishana na mwenyewe. Upande mmoja nasema acha utaalamu wa kujitafutia, maneno yanachakaa, mtu akisema kinyang'anyiro leo hamna anayewaza panga, ni namna tu ya kusema mashindano makali. Lugha zote ziko hivyo. Nani akisikia "kutimua vumbi" kuhusu ligi anaenda kufunga madirisha?

Hoja nzuri, ikanituliza siku kadhaa.

Kilichoivuruga ni mashindano ya Qurani. Kila Ramadhani kuna mashindano ya kuhifadhi Qurani, vijana wanakuja hata kutoka nchi za nje, Dar es Salaam yameshajaza uwanja wa mpira, kuna majaji, kuna alama, kuna zawadi nene kuliko za mabondia wetu wengi. Kwa kila kipimo ni tukio la ushindani mkali. Sasa mlishasikia mtangazaji gani anasema "mtanange wa kuhifadhi Qurani"? Au "kipute cha kwaya" kwenye mashindano ya kwaya za kanisani? Hamna. Na hakuna aliyepiga marufuku, hakuna kamati ya lugha iliyokaa kujadili. Mdomo unakataa tu wenyewe.

Kwa hiyo masikio bado yanasikia. Tunapojizuia mahali pamoja maana yake tunajua neno limebeba nini, na tunapoliachia mahali pengine tunajua pia.

Hapo ndo nikaona hivi visawe vinahitaji kukaguliwa, sio kwa kamusi, kwa kuangalia nani anakubali kuitwa hivyo na nani hakubali.

Maneno ya watu wasioona uwanja

Kwanza niwatetee watangazaji wa michezo, maana ndo waliotujazia ghala. Fikiria redio. Msikilizaji haoni kitu, na wewe mtangazaji una dakika 90 za kumjengea uwanja mzima kichwani. Huwezi kusema "timu A inashindana na timu B" dakika 90. Waliokulia Kenya na sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela kwenye mpira wa redio wanaelewa nachosema, sauti inapanda, inashuka, na neno lazima libebe vumbi, jasho, jua na mashabiki kwa pamoja.

Ndo maana karibu maneno yote ya mechi yameazimwa kwenye kazi za mikono na mwili. Timu zinaumana, yaani meno. Zinamenyana, na kumenya ni kutoa ganda. Zinapepetana, kama mtu na ungo wake. Zinavaana. Zinatunishiana misuli. Mtifuano unatokana na kutifua udongo. Kipindi cha kwanza ni ngwe ya kwanza, na ngwe ni kile kipande cha shamba anachopimiwa mtu alime amalize ndo apumzike, kwa hiyo kuna mtu huko nyuma aliwaangalia vijana 22 wanakimbia juani akaona wakulima. Namheshimu sana huyo mtu.

Na hizo ngwe zikikaribia mwisho tunaingia "lala salama". Ligi iko lala salama, kampeni ziko lala salama, kila kitu kikibakiza siku chache kinatakiwa usiku mwema. Sijawahi kuchoka kulisikia.

Halafu kuna tabia moja ya magazeti ambayo naipenda zaidi ya hayo yote. Timu ikifungwa, magazeti yanasema "yalala". Simba yalala, Yanga yalala, Gor yalala. Ikiwa haikufungwa wala haikufunga, "yabanwa". Mshindi ndo anapata vitenzi vya kazi, anachapa, anatandika, analaza, anapiga mkono, yaani mabao matano. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walipowafunga Simba 5-1 sidhani kama niliona mtu mmoja mtaani aliyesema "Yanga wameshinda". Ilikuwa mkono, mkono, mkono, na wazee wa Simba wakajibu kwa kukumbushia 5-0 ya Mei 2012, kwamba mkono wao ulikuwa msafi hauna hata bao la kurudishiwa.

Yote hayo ni rangi ya mchezo, na mchezo unajua ni mchezo. Mashaka yangu yanaanza rangi inapotoka uwanjani.

Shinda, shindwa, shinda njaa

Nikarudi kwenye mzizi wenyewe, maana nilishaanza kulionea huruma lile neno lililofukuzwa kwenye tangazo kwa kosa la kujirudia.

Kushinda kwa Kiswahili ni neno la ajabu kidogo. Unakutana na mtu saa kumi na mbili jioni unamuuliza "umeshindaje?" na wala humuulizii kombe. Mtu anashinda njaa. Anashinda ndani. Anashinda kwenye simu. Kushinda hapa ni kuupitisha mchana tangu jua kutoka mpaka kuzama. Halafu hapohapo mzigo unakushinda, hesabu zinakushinda, mtoto anamshinda mama yake na majirani wote wanaelewa ni mtoto wa aina gani. Jambo likigoma kabisa tunasema limeshindikana, hamna wa kulaumiwa. Na ukisikia habari mbaya iliyomlenga mtu wako unatamka "ushindwe!", wengine wanaongeza "na ulegee", na unayemwambia hayupo hapo, hana mwili, hana timu.

Kuna na "shinda" ya kwenye methali, debe shinda haliachi kutika. Hiyo ni debe lisilojaa, lina maji kidogo linapiga kelele njiani. Neno lilelile, mshindi na debe la nusu. Watu wa mitandaoni wanaojitangazia ushindi kila siku sina maneno zaidi ya hayo.

Ila kitu kilichonishika ni ile "-ana". Pendana, gombana, saidiana, shindana. Ni kitenzi cha watu wawili na kuendelea, kila mmoja anamtenda mwenzake. Huwezi kushindana peke yako hata ukitaka, labda ujigawe, ndo maana wahamasishaji wakikuambia "shindana na nafsi yako" inabidi kwanza wakutengenezee wewe wa pili.

Mfano mzuri ni Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019 pale Vienna alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, binadamu wa kwanza kufika huko, dunia nzima ikasimama. Na haikuingia kwenye rekodi rasmi za mbio za marathoni. Ilikuwa tukio la maandalizi yake maalumu, hapakuwa na wapinzani, waliokimbia naye walikuwa wanapokezana kwa zamu kumkinga upepo na kumshikia mwendo. Ila Kelvin Kiptum alipokimbia saa 2 na sekunde 35 Chicago Oktoba 2023, hiyo ikahesabika, kwa sababu kulikuwa na watu wengine barabarani wanaotaka kitu kilekile na sheria moja kwa wote. Kipchoge alishinda kitu siku ile Vienna, hilo halina ubishi, alishinda muda, alishinda mwili wake. Hakushindana na mtu.

Kwa hiyo mshindani wako ana kazi. Bila yeye ushindi wako hauna pa kusimama.

Wazee walishalisema kwa ukali wake, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilizoea kuisikia kama dawa ya kumpoza aliyefungwa, eti kubali yaishe. Ukiisoma taratibu haimpozi mtu, inaweka sharti la kuingilia. Ukija na wazo kwamba lazima ushinde, wewe sio mshindani hata kabla filimbi haijapulizwa, tutafute jina lingine la kukuita. Na ukiigeuza inampa heshima mtu kama John Stephen Akhwari, yule Mtanzania aliyeanguka kwenye marathoni ya Mexico 1968, akaumia goti, akaendelea na bandeji mguuni na kuingia uwanjani wa mwisho kabisa, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alishindwa na bado ni mshindani kamili.

Sasa weka kinyang'anyiro hapo. "Asiyekubali kunyang'anywa si..." si nani? Haimaliziki. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayekubali kunyang'anywa.

Watani, mashemeji na mahasimu

Angalieni pia tunavyomwita yule wa upande wa pili.

Tanzania, Yanga (1935) na Simba (1936) ni watani wa jadi. Mtani ni mtu ambaye una ruhusa ya kumtania mpaka msibani kwake na yeye hana ruhusa ya kununa, ni uhusiano wa koo na makabila, una kanuni zake, na mtani ana majukumu, akifiwa unaenda, unamsaidia kazi huku unamkejeli. Kuna mtu alichukua uhusiano huo akawavalisha jezi. Kenya nako Gor Mahia na AFC Leopards wanaitwa mashemeji. Shemeji! Mtu uliyeoa kwao. Mnaweza kukasirikiana Jumapili nzima ila sikukuu mtakutana kwenye sinia moja.

Lakini hapohapo Kenya gazeti likitaka moto linaandika "mahasimu wa jadi", na hasimu sio ndugu, ni adui, kwisha. Ni mechi ileile, uwanja uleule, na mwandishi kachagua. Akiandika mashemeji anakuambia kesho ipo. Akiandika mahasimu hajali sana kesho.

Na mechi ikiisha bila mshindi? Hapa lugha yetu imenishangaza kweli na nilikuwa nalisikia kila wiki bila kulisikia. Wachambuzi wengi wa Tanzania wanatenganisha, 0-0 ni suluhu, 1-1 au 2-2 ni sare. Suluhu ndo ileile ya watu waliogombana wakakaa chini wakamaliza. Sare ndo ileile ya kitambaa kimoja mnachoshona watu wengi kwa ajili ya harusi. Kwa hiyo mkikosa kufungana mmepatana, na mkifungana sawasawa mmevaa nguo moja.

Mashindano yasiyo na kombe

Msije mkadhani nasema mashindano ni kitu kitamu kisicho na sumu. Pwani yetu imeshindana kwa vitu vikali kuliko mpira.

Ngoma za beni, zile za miaka ya kabla na baada ya vita ya kwanza ya dunia, na magwaride yao na vyeo vyao vya kijeshi vya kujipachika, ziligawa miji kati ya makundi mawili, Marini na Arinoti. Mombasa kina mama wa lelemama, ngoma ya wanawake, walishindana kwa mavazi na karamu, kundi hili likipika lile linapika zaidi. Washairi nao hawakuwa nyuma, Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840 hivi alikuwa anajibizana kwa beti katikati ya siasa za vita kati ya miji, na beti zake hazikuwa za kubembeleza. Na waliokuwa wakubwa miaka ya 90 mwanzoni wanakumbuka vikundi vya taarab, Khadija Kopa akiwa TOT na marehemu Nasma Khamis Kidogo akiwa Muungano, mipasho inarushwa, mashabiki wanatunza noti, kila ubeti una jina la mtu ambalo halikutajwa.

Kombe lilikuwa wapi hapo? Hamna. Jaji nani? Umati, na umati haujawahi kutoa matokeo ya mwisho. Ni mashindano yanayokula pesa, yanayovunja urafiki, ila yalikuwa na kitu kimoja, aliyepigwa alipewa zamu. Mpasho unaomba mpasho. Ubeti unaacha kina kwa ajili ya atakayejibu. Ukimnyamazisha mwenzio kweli kweli ngoma yako nayo imeisha.

Tukaja tukatengeneza hata aina ambayo upande mmoja unakubali hadharani. Ngonjera alizozisambaza Mathias Mnyampala (1917 hadi 1969), watu wawili au zaidi wanabishana kwa mashairi, huyu hajui yule anajua, mwisho anayebisha anakubali kaelewa. Shuleni tuliimba hizo. Na angalia lugha ilivyo na kisirani, leo mtaani mtu akikwambia "acha ngonjera" anamaanisha maneno mengi hamna kitu. Inaonekana mashindano ambayo mshinde anajulikana tangu ubeti wa kwanza hayana mvuto, na hapo siwezi kumlaumu mtu.

Usilete ligi

Neno ambalo vijana wamelichagua wenyewe, bila gazeti wala redio, ni ligi.

"Usilete ligi." "Jamaa anapenda ligi." "Mnaanza ligi sasa." Ligi ya mtaani haina uhusiano na msimamo wala pointi, ni ile hali ya mtu kubishana ili ashinde tu, umeongelea hali ya hewa yeye keshakuwekea upande. Ukinunua kitu keshanunua kikubwa zaidi. Ukiumwa yeye aliumwa zaidi.

Nalipenda kwa sababu limeona kitu ambacho "mashindano" halikuona. Ligi inaenda msimu mzima, na ukiisha unaanza mwingine. Mashindano yana siku yake, yana mwanzo na mwisho, mnarudi nyumbani. Mtu wa ligi harudi nyumbani. Kwa hiyo mtaa umetenganisha vizuri kabisa bila kuandika kamusi, mashindano ni tukio, ligi ni tabia. Ndo maana wale wanaobandika "maisha si mashindano" kwenye status zao naona wanalionea neno, wanachokataa ni ligi.

Ofisini na sokoni kitu hichohicho kinaitwa ushindani, na kinaonekana cha heshima mpaka kina sheria yake, Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Ushindani nao hauna filimbi ya mwisho. Ila angalau una refa, ligi ya mtaani haina.

Anayegombea na anayewania

Narudi kwa shangazi, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko nilivyodhani.

Wananyang'anyana nini?

Kwa watoto jibu ni hakuna. Kwa siasa jibu lipo, na ndo shida yenyewe. Chukua neno uchaguzi. Kwenye uchaguzi mwenye kitendo ni mpiga kura, yeye ndo anachagua, wagombea wamesimama wanasubiri. Ukiliita jambo hilohilo kinyang'anyiro, mpiga kura kapotea kwenye sentensi. Wamebaki wanaovutana na kitu kinachovutwa, na kitu hicho ni ofisi ya huyohuyo aliyepotea.

Hata mgombea mwenyewe jina lake linatoka kwenye kugomba, kugombea ni kugombana kwa ajili ya kitu. Kenya wanasema sana mwaniaji, na kuwania ni kukitaka kwa bidii, hamna ugomvi wa lazima ndani yake, ingawa sijaona uchaguzi wao ukipoa kwa sababu ya kitenzi, mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais Septemba 1 na watu wakarudi kupiga kura Oktoba 26. Sidai kwamba tukibadilisha vichwa vya habari siasa zitatulia, ningekuwa mtu wa ajabu. Nasema tu kwamba neno linatuandaa tutegemee nini. Ukiambiwa miezi sita mfululizo kwamba kuna kinyang'anyiro, siku ya matokeo unatafuta nani kanyang'anywa, na utampata.

Na kulikuwa na namna nyingine ya Tanzania mpaka sheria ya uchaguzi ya 2024, "kupita bila kupingwa". Hiyo haikuwamo kwenye orodha ya visawe vyovyote, ilivyostahili, maana ile "-ana" ilikatwa mtu mmoja.

Ila ushahidi wangu mkubwa ni huu na nimeuona nikiwa namalizia ile rasimu. Kiswahili kina neno la anayeshindwa, mshinde, lipo kwenye kamusi na karibu halitumiki. Badala yake kwenye insha, urembo, uimbaji, kupika, mbio za magunia, tunasema mshindi wa kwanza, mshindi wa pili, mshindi wa tatu. Mtu kashindwa na mwenzie mbele ya watu wote na bado anaitwa mshindi, anapewa namba tu. Rafiki yangu aliandika hivyo kwenye tangazo lake bila kufikiria, washindi watatu, na hakuna mzazi atakayeuliza imekuwaje washindi wakawa watatu.

Uchaguzi mkuu hauna hicho kitu. Aliyefuata kwa kura, hata kama ni milioni kadhaa, ni "mpinzani wake wa karibu" au "aliyeshika nafasi ya pili". Mshindi wa pili wa urais sijamsikia popote.